Mwalimu Omer, Mwenye Kusindikiza Batoto ku Jeshi

Baba Padri, bazazi, bandugu wa Bulengera, na weye Josée mwenye kutusikiliza kwa telefone toka Mbuji-Mayi kwa sababu njia za kuya kulia baba yako zimefungwa, jamaa ilituachia siye majirani kazi ya kusoma maisha ya huyu tunayemulia leo, na tutasoma yote, mazuri na mabaya, maana ye mwenyewe hakupendaka mutu wa kuficha.

Omer Tshibangu alizaliwa Mwene-Ditu, ku Kasaï, tarehe 14 Mars 1961, baba yake alikuwa mutu wa reli na mama mulimaji, alisoma primaire na secondaire kule kule, akapata diplôme d'État mu 1981 na graduat ya histoire ku université mu 1985, na tarehe 3 Octobre 1990 alishuka ku kiwanja cha ndege cha Rughenda na valizi moja, serikali imemutuma kufundisha histoire na civisme, ni kusema historia na uraia, mu shule moja ya secondaire ya Butembo, alifikiri atabaki kidogo tu, eh, alibaki mpaka leo.

Tarehe 8 Août 1992 alioa Élise, akakuya naye hapa, bakazaa Josée tarehe 21 Mai 1994, lakini baridi yetu ilimusumbua mama Élise mu kifua, mu 1998 alienda kujitunza kwao na mutoto, vita ikakata njia nyuma yake, na tarehe 11 Février 2003, mbele njia haijafunguka, alikufa, Omer akapata habari wakati kaburi limekwisha kukauka. Hakuoa tena, alipika peke yake, alikula peke yake, redio ikisema mu nyumba ili sauti ya mutu isikosekane. Siye tulimucheka, tulimwita Mukasai mwenye kukataa viazi, naye alicheka sana, lakini jioni kila mutu aliingia kwa batu bake, ye aliingia kwa redio.

Mu 2022, wakati serikali iliita vijana baingie jeshi kwa kutaka kwao, bafinaliste, banafunzi ba mwaka wa mwisho, balianza kutoroka darasani bila kuaga, bengine hata myaka kumi na nane hawana, njo mwalimu Omer akasema heri mutu abasindikize kuliko bapotee. Alibakia nao kisha masomo, alibasaidia kutafuta attestation de naissance, karatasi ya kuzaliwa, ku commune, alibaelezea kinaga-ubaga kile askari anaahidi, na kwamba hata ku mulango wa bureau mutu anaweza kurudia nyumbani bila haya, halafu alipanda nao pikipiki mpaka Beni, akasimama nao ku mustari mpaka wa mwisho aandikwe. Alikuwa na sheria yake: mwenye hajafikisha umri, hapana, mwenye bazazi bamekataa, hapana, na kijana mwenye mama yake amebakia na ye mumoja tu, hapana kabisa.

Sasa tuseme lile neno batu bananong'onaka. Kwetu Banande mutoto anapewa jina kwa kufuata mustari wa kuzaliwa, kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na mwalimu alijifunza desturi hii kwa furaha, alijivunia nayo, akisikia jina tu anakuambia uko na bakubwa wangapi. Mu Mars 2023 Kasereka Delphin, mutoto wa mama Victoire Kahongya, mujane, alikuya na baba yake mudogo mwenye kukubali, mama akiwa ku mashamba Mutwanga, mwalimu akahesabu ku jina, akajiambia Paluku na Kambale bako, mama hatabaki peke yake, akamusindikiza. Hakuuliza. Mutu wa hapa angeuliza, maana tunajua jina linabakiaka hata bakubwa bakishakufa, na Paluku na Kambale balikwisha kuuawa siku moja mu shamba lao, Delphin akanyamaza, maana njo kwa ajili yao alitaka bunduki.

Mu Novembre habari ilifika kwamba Delphin alianguka ku mapigano na mwili haukupatikana. Mwalimu aliacha kusindikiza batoto. Kila Jumapili kisha misa alibisha kwa mama Victoire, mama akajibu toka ndani kwamba hakuna mutu, ye akasimama pale kidogo, kisha akarudia kwake. Alitaka kusikia amesamehewa mbele ya kufa, hakusikia, na tusidanganye mbele ya sanduku.

Sukari ilimushika mu Janvier 2024, figo zikachoka, alilazwa tarehe 2 Août 2025, na tarehe 19 Août, asubuhi, akiwa na myaka 64, alikata roho, infirmière mwenye kumutunza akimushika mukono, maana mwengine hakukuwa.

Jana ku kilio Josée aliuliza kwa telefone nani atatupa udongo wa kwanza mahali pake, kwani ni kazi ya mutoto. Mama Victoire, aliyekaa ku mukeka wa nyuma, akasimama, akasema ni ye atautupa, tusiite jambo hili kusamehe, hajui kama kusamehe kuko ndani yake, lakini Delphin hakupata hata konzi moja ya udongo toka mukono wa mama yake, na mwalimu njo wa mwisho wetu kumuona Delphin, basi mwalimu huyu, mama atamufunika na mikono yake mwenyewe.

Tunashukuru baganga na ile infirmière, balimu benzake, banafunzi balioleta kuni na maji, na majirani bote mulioacha kazi zenu. Mwalimu wetu, Mungu akupumzishe na amani. Mama Victoire, karibu mbele, batu bakuachie njia.