Shukrani za Fundi Cherehani kwa Mfuko wa Walioshambuliwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekata utepe kwa mkasi ambao ungepita kwangu ningeunoa kwanza, Mkurugenzi wa Mfuko wa Kuwasaidia Walioshambuliwa na Wahalifu, wakubwa wa polisi na wa hospitali mlioketi kivulini, wafanyakazi wote, na ninyi wenzangu wenye makovu mlioketi kule nyuma juani: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika tatu za kushukuru. Mimi ni fundi cherehani. Miaka miwili iliyopita wezi wawili waliingia dukani kwangu mchana kweupe, mmoja akanikata mkono huu wa kulia kwa panga kwa sababu niliing'ang'ania cherehani yangu. Waliondoka nayo. Vidole vitatu havikunjiki mpaka leo. Daktari anasema akinipasua vitakunjika, nitashika mkasi tena, na gharama za matibabu kama hayo ndizo hasa Mfuko huu uliwekwa kuzilipa. Kwa hiyo naushukuru Mfuko kwa kuwapo.

Naushukuru pia kwa umakini wake. Fomu yao inamtaka mwombaji aeleze tukio kwa mwandiko wake mwenyewe. Nikaeleza, kwa mkono wa kushoto, siku nne nzima. Dada wa dirisha namba tatu, namwona pale na gauni lake zuri lililoshonwa vibaya begani, aliigeuza ile fomu juu chini, akaniuliza kwa upole, "Mama, hapa umeandika au umechora?"

Nikarudi nyumbani, nikamwomba binti yangu aniandikie. Binti yangu ni mwalimu, mwandiko wake unasomeka hata ukiwa mlangoni. Dada akasoma yote, akafuta machozi, kweli tena, nilimwona, kisha akasema, "Pole sana, mama yangu. Lakini huu si mwandiko wako." Ndugu wageni waalikwa, ni ofisi ngapi zinazomjua mtu mpaka mwandiko?

Mara ya tatu niliandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, kurasa kumi na moja. Ikachukuliwa, ila muhuri haukugongwa, maana wino ulikuwa umekwisha. Halafu mkahamia jengo hili, na katika kuhama fomu yangu ikapotea. Nikaambiwa bila muhuri hakuna ushahidi kwamba niliwahi kuileta, nianze upya. Wala sikukasirika. Naongopa, nilikasirika sana. Nilikaa kwenye ngazi zenu mpya nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Sasa, sheria ya Mfuko inasema ombi lipokelewe na kugongwa muhuri ndani ya miaka miwili tangu siku ya tukio. Miaka miwili yangu inaisha leo. Ndiyo maana nilifika hapa saa moja asubuhi na fomu ya nne, nikakuta tangazo mlangoni: leo hakuna huduma, kuna sherehe ya kufungua ofisi. Bado nalisoma, ofisa uhusiano akanishika bega. "Mama, Mungu amekuleta! Aliyepangwa kutoa shukrani hajatokea. Utatusaidia?" Nikamwambia, mwanangu, kwa nini nisisaidie?

Mheshimiwa, kurasa hizi mkononi mwangu, ambazo Mkurugenzi amekuwa akizitazama akihesabu zimebaki ngapi, si hotuba. Ni fomu. Hotuba sikuandika, maana kuandika kunanichukua siku nne.

Dada wa dirisha namba tatu, najua funguo unazo na muhuri uko mezani kwako. Nenda kaulete, mama, taratibu, usikimbie na viatu hivyo. Mheshimiwa atatushikia karatasi isiteleze, nawe hakikisha tarehe ni ya leo. Wapiga picha, sogeeni karibu.

Mmenisikiliza vizuri sana, na nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Dakika zangu tatu zimekwisha, nalijua hilo. Ila siketi mpaka muhuri ugongwe.