Maisha ya Kache Charo Baya, Mhandisi wa Pampu za Asidi

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Tudor, na ninyi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja na sare zenu, karibuni. Naitwa Samuel Charo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujaanza safari ya Kaloleni. Nimeombwa nisome polepole, nami nitajaribu, ingawa tangu Jumanne sauti yangu naisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Kache alizaliwa tarehe 9 Machi 1973 huko Kaloleni, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, aliyeketi hapa mbele, na marehemu baba yetu, Charo Baya, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, ambaye mwaka 1978 alituleta sote kuishi hapa Tudor. Alisoma shule ya msingi papa hapa mtaani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1991, akaenda Nairobi kusomea uhandisi wa mitambo, na mwaka 1998 akahitimu, mwanamke pekee katika darasa lake, jambo ambalo baba alilisimulia kwa kila mgeni hadi Kache akamsihi aache.

Juni 1999 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha kemikali upande wa Shimanzi, ambako kazi yake ilikuwa kuamua pampu zitengenezwe kwa kitu gani, maana kemikali inayopita ndani ya pampu huila, na kila kemikali ina madini inayoyala na mengine inayoyaacha. Alitueleza siku moja mezani kwamba asidi ya salfa ikiwa kali kabisa hupita kwenye chuma cha kawaida bila kukidhuru sana, lakini ikizimuliwa kwa maji chuma hicho hicho huisha, nasi tukadhani anatutania.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu, Bramwel Kadenge, mwalimu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Stacy, aliyezaliwa Oktoba 2002, na Baya, aliyezaliwa Mei 2006.

Kuna jambo moja ambalo yeye mwenyewe alitaka lisomwe, kwa hiyo nalisoma. Mwanzoni mwa mwaka 2004 alichagua pampu ya chuma cha pua kwa ajili ya dawa ya klorini, kitabu cha watengenezaji kikisema inafaa, na pampu ikafanya kazi miezi kadhaa bila tatizo, ila klorini ilikuwa ikitoboa vitundu kwa ndani, vidogo visivyoonekana, hata mwezi Agosti ikapasuka na dawa ikamrukia Muhdhar, mwendesha pampu, ikamharibu jicho la kulia. Uchunguzi ulisema ni uchakavu na haukumtaja mtu. Kache hakuridhika, aliamua kuacha kazi, lakini kwanza akaenda Mji wa Kale, nyumbani kwa Muhdhar, akaketi mbele yake na mkewe, Shifa, akamwambia, "Ile pampu niliichagua mimi."

Muhdhar alimwomba Shifa alete kahawa, kisha akamjibu Kache kwa Kimvita chake, "Basi usiwate kazi, Bi Kache. Ukiwata, ataketi mwengine asojua."

Hakuacha. Tangu hapo hakukiamini kitabu peke yake, alikuwa akikata vipande vya chuma, vya plastiki na vya mipira ya kuzibia, akivitumbukiza katika dawa yenyewe ya kiwandani, pamoja na joto lake na uchafu wake, akisubiri miezi kabla ya kuagiza chochote, na mabosi wakanung'unika kwamba Kache anachelewesha kazi. Pampu za klorini alizifunika ndani kwa plastiki ngumu, na hizo ndizo zinazofanya kazi hadi leo.

Machi 2018 zilishushwa Kilindini pampu za asidi ya chumvi, zikawa si zile alizoagiza, ni za chuma cha pua kitupu, na meneja wa wakati huo akaamuru ziwashwe kwa wiki moja tu hadi zije za kweli. Kache aliifunga swichi kwa kufuli lake, akatia ufunguo mfukoni, akarudi nyumbani kupika. Alisimamishwa kazi. Alirudishwa baada ya kipande cha pampu ile kulowekwa kwenye asidi, ambayo iligeuka kijani, na kipande kikatoka kimeliwa kikawa chembamba, wala hakuna aliyemwomba radhi. Hakuna pampu iliyopasuka, hakuna aliyeungua, kwa hiyo hakuna tarehe ya kuwasomea.

Januari mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo, Februari akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa tayari imesambaa, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Wodini alimuuliza muuguzi ule mrija wa dripu ni plastiki ya aina gani, muuguzi hakujua, wakacheka wote wawili, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Jumatatu jioni madaktari waliagiza wabaki ndugu tu. Muhdhar alifika akishikwa mkono na Shifa, akazuiwa mlangoni, akasema, "Mimi ni nduguye." Muuguzi alinitazama mimi, niliyezaliwa tumbo moja na Kache, nikasema ni kweli. Muhdhar aliketi kando ya kitanda hadi alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni, Kache alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, tunamshukuru jirani yetu Bi Mwanatumu, ambaye tangu siku hiyo hajaacha moto wa jikoni mwetu uzimike, na wafanyakazi wenzake Kache, waliotuambia kwamba leo zamu ya asubuhi imeingia kama kawaida na wote wako salama.

Nilitakiwa nimalizie kwa neno langu binafsi. Sina, labda litakuja watu wakishaondoka. Dada Kache, lala, upumzike kwa amani.