Marehemu Aliyeshika Ngazi

Benchi letu liko kati ya mlango wa saluni yangu na meza ya Kufuli, fundi wa vitasa na funguo. Lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na mtu wa tano akija husimama. Kila Jumamosi tunakunywa kahawa hapo kwa zamu: mwenye zamu huja na themosi kutoka kwake, na sheria ya kijiwe ni kwamba mwenye themosi ndiye mwenye neno mpaka themosi ikauke. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Kufuli. Tulikuwepo mimi kinyozi. Antena, anayetengeneza redio na televisheni, mtu ambaye neno "sijui" halijawahi kumtoka. Na Mzee Koti, aliyestaafu ukarani zamani lakini koti likakataa kustaafu naye. Mzee Koti ana gunia la methali. Anatia mkono humo bila kutazama, na itakayotoka ndiyo hiyo hiyo.

Tulianza na hasira ya pamoja. Tamthilia ya Wasioaga, ile ya wafu wanaorudi majumbani mwao, ilikuwa imetuchezea Alhamisi jioni. Sisi tumezoea kuogopa. Kila wiki mtu anavutwa kisimani, tunakaza meno, tunakwenda zetu nyumbani tumeridhika. Wiki hii wakatuletea vichekesho. Marehemu mmoja alirudi akakuta mjane wake anaposwa, na mposaji hakuja na maua, alikuja na sanduku la vifaa. Akaziba bati lililokuwa likivuja tangu enzi za marehemu. Marehemu akaficha nyundo. Mposaji akatumia mchi. Marehemu akampulizia ubaridi shingoni. Mposaji akashukuru kwa upepo. Marehemu akajitokeza kwenye kioo na sura yake ya kutisha. Mposaji akadhani ni uchafu, akaifuta na kitambaa. Mwisho mposaji akateleza juu ya ngazi, na marehemu, badala ya kumwacha aanguke, akakimbia kuishika. Mjane akaona ngazi imesimama yenyewe, akaiambia hewa: "Afadhali leo umeshika kitu."

Sisi wanaume, tuliobanana saluni mbele ya kitelevisheni changu kidogo, hatukuona cha kuchekesha. Wake zetu walikuwa kwangu, mtaa wa nyuma, kwenye televisheni kubwa niliyoinunua mimi na ambayo Alhamisi sina ruhusa ya kuikaribia. Tulipowafuata baadaye, tuliwasikia tukiwa bado barabarani. Walicheka mpaka mmoja akawa analia, na nina hakika alikuwa wangu. Tangu nimwoe sijawahi kumfikisha hapo.

— Mimi yule mposaji simpendi, nikasema. Mwanaume gani anaposa na nyundo?

— Meno yake si yake, akasema Antena. Nimefungua televisheni nyingi, najua vya ndani. Yale meno yamepandikizwa.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akasema Mzee Koti.

— Sasa hapo nani anajitembeza, mzee?

— Si marehemu? Kafa, na bado anatembea.

Neno lilikuwa la Kufuli. Alitumiminia kahawa akiangalia chini. Nikaionja, nikamwangalia Antena, naye akaniangalia. Zamu ya Kufuli ndiyo tunayoingojea wiki nzima, kwa sababu mkewe ana mkono wa kahawa. Hii ilikuwa chungu na ina mchanga. Nikamuuliza kama shemeji anaumwa.

— Mzima, akasema. Kahawa nimepika mwenyewe. Mlango wangu umetengenezwa.

Hapo lazima nieleze. Mlango wa nyumba ya Kufuli unajulikana mtaa mzima. Yeye anayewafungulia watu milango yao, anayeitwa mpaka na wenye maduka, kwake hakuna kitasa. Ndani huegemezwa jiwe, na anayeingia husukuma kwa nyonga. Tumemtania sana. Mganga hajigangi, tunamwambia, naye hucheka, na jiwe linabaki palepale. Nikamkumbusha habari za jiwe, Antena akanigeukia na kuniuliza na lile dirisha langu la jikoni, lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, lina habari gani. Nikamwambia hayo ni mambo mengine kabisa, lile ni kosa la upepo.

— Jana jioni nimerudi, akaendelea Kufuli. Nikasukuma kwa nyonga kama kawaida. Nyonga ikaumia. Nikagonga. Mimi huyu, nikagonga mlango wangu mwenyewe.

— Ukafunguliwa?

— Nikaulizwa kwanza ni nani.

Akasema alipoingia alimuuliza mkewe nani ametengeneza, na mkewe akamjibu kuwa mlango umepona, kisha akacheka. Si kicheko cha siku zote. Kilikuwa kile cha Alhamisi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mzee Koti.

Kufuli alimtazama kwa jicho ambalo lilinifanya niiondoe tupa yake ya kuchongea funguo karibu na mkono wake.

— Nimekikagua kile kitasa, akasema. Kimetoka kwenye kopo langu la vitasa vya zamani, lile la chini ya kitanda. Skrubu moja imeingia upande. Hiyo si kazi ya fundi.

— Basi tulia, nikamwambia. Kama si fundi, una wivu wa nini?

— Wewe kichwa chako kina nywele tu. Angekuwa fundi, ningesema kaja kwa kazi. Huyu si fundi. Sasa alikuja kwa nini?

Akaongeza kwamba bisibisi yake ndogo, ile yenye utepe mwekundu kwenye mpini, haionekani tangu jana asubuhi. Mtu amechukua bisibisi yake, akaingia nyumbani kwake, akatengeneza mlango wake mbele ya mke wake. Alipofika hapo, sisi kama marafiki tukaona ni wajibu wetu kumsaidia kufikiri.

Mimi nilimtaja muuza rangi wa ng'ambo ya barabara. Ananukia vizuri saa zote, na mwanaume anayenukia vizuri siku ya kazi ana lake jambo. Wote tukageuka kumwangalia. Akatupungia mkono, tukaona amekiri.

Antena alikataa. Alisema muuza rangi hawezi hata kufungua makopo yake mwenyewe. Kwa maoni yake alikuwa ni yule yule mposaji wa kwenye televisheni. Waigizaji, alisema, hawawezi kuiga kazi bila kuizoea, hivyo hutafuta nyumba zenye milango mibovu wakajifunzia humo kabla ya kurekodi.

— Na wamejuaje kwangu ni kubovu?

— Nani asiyejua?

Mzee Koti yeye alisema ni jini. Jini akipenda mwanamke humtumikia, hufagia, huteka maji. Nikamuuliza lini jini alipata kutumia bisibisi. Akasema haba na haba hujaza kibaba, tukamwacha.

Ndipo Antena akaweka kikombe chini. Nilijua kuna jambo kubwa linakuja, maana hakiweki mpaka kiishe.

— Kufuli, tangu jana umepata mteja?

— Hapana.

— Umegonga kwako, umeulizwa ni nani. Mkeo unamuuliza swali, anacheka tu, kama mtu anayeongea na hewa. Na hii kahawa uliyopika haina ladha ya kahawa ya binadamu. Ndugu yangu, umewahi kufikiria kwamba wewe ndiye marehemu?

Mzee Koti alisogea, na benchi likainuka upande wa matofali. Mimi nilimshika Kufuli kifundo cha mkono kupima. Kilikuwa na joto lake, mimi hushika shingo za watu kutwa nzima na najua. Lakini sikusema, nilitaka kusikia mwisho.

— Huwa hawajui, Antena akaendelea kwa huruma. Kwenye Wasioaga marehemu ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kufuli hakukasirika. Alichungulia ndani ya themosi, akaifunga.

— Ingekuwa afadhali, akasema taratibu. Marehemu anaingia bila kugonga. Mimi nimelala pale nakisikiliza kile kitasa. Kinafunga vizuri, jamani. Kingekuwa kinafunga vibaya ningelala. Roho inaniuma kwa sababu kinafunga vizuri.

Hata Mzee Koti aliacha gunia lake.

Tulikuwa bado tumeinamisha vichwa alipokuja mkewe. Huyu mama hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu. Akitaka kitu humwita mumewe kutoka kona ya mbali. Alimwamkia Mzee Koti shikamoo, akatusalimu sisi mashemeji, kisha akasimama mbele ya meza, upande wanaosimama wateja. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na plasta. Mimi niliiona. Kufuli hakuiona, alikuwa anaangalia uso.

Akaweka ufunguo juu ya meza.

— Fundi, nataka wa pili kama huu.

Kufuli akasimama. Nadhani hakujua amesimama.

— Wa nani?

— Wa mume wangu. Jana amegonga mpaka nikamwonea huruma.

Kufuli aliuchukua ufunguo akaubana kwenye jiriwa pamoja na mwingine usiochongwa, akaanza kupiga tupa. Nimekaa kando ya meza ile miaka, nimeona funguo zikichongwa huku mteja hajamaliza hata kusalimia. Huu aliuchonga jino kwa jino, anapuliza, anapima, anarudia, kama mtu anayeogopa kumaliza. Mkewe alisubiri ameshika mkoba wake. Mwishowe Kufuli akauliza bila kuinua uso:

— Nani aliyetengeneza ule mlango?

— Nitakwambia, akasema mkewe. Kwanza wewe niambie, uliharibika lini?

Kufuli aliweka tupa chini. Akatugeukia sisi, na hapo ndipo tulipokuwa wa kumfaa, kama tungekuwa na la kufaa. Antena, mwenye majibu ya dunia nzima, alikuwa anatazama masimbi ya kahawa chini ya kikombe. Mzee Koti alitia mkono kwenye gunia akatoka mikono mitupu. Nami nilijaribu kuukumbuka mlango ule kabla ya jiwe, sikuweza. Nimeujua na jiwe lake, kama unavyomjua mtu na kovu.

— Ukikumbuka, njoo uniambie, akasema shemeji. Nami nitakwambia.

Hakusema kwa ukali. Ukali tungeuvumilia. Akachukua ufunguo wake, mpya akauacha juu ya meza, akaniambia mimi kwamba anachelewa, marudio ya Wasioaga yanaanza sasa hivi kwangu na wenzake wanamngoja. Akaenda.

Kufuli aliupuliza ufunguo vumbi la chuma, akautia mfuko wa shati, akaugusa kwa juu. Baada ya muda akaugusa tena. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu kitu, mvua za masika au mimba za watoto, sijui. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Mtu kaja mwenyewe, kwa miguu yake, kuomba mume wake achongewe ufunguo. Wangu akitaka kuniona hutuma ujumbe kwamba chumvi imekwisha.

Antena akanyoosha kikombe. Themosi ilikuwa imekauka. Kwa sheria yetu neno lilikuwa limemtoka Kufuli na mtu yeyote angeweza kulichukua, lakini hakuna aliyelitaka.

Nilifunga saluni mapema. Nilijiambia naenda tu kuliangalia lile dirisha, maana upepo ulikuwa umeanza, na njiani nilijaribu kukumbuka ni lini niliufunga ule mpira wa baiskeli. Niliingia kwa mlango wa nyuma mpaka jikoni. Mpira haukuwepo. Nilisukuma dirisha, likafunga kwa mguso mmoja, kimya. Chini yake, kwenye kizingiti, ilikuwepo bisibisi ndogo yenye utepe mwekundu kwenye mpini.

Kufuli nilikuwa naye benchi moja tangu asubuhi, kwa hiyo hata wa kumshuku sikuwa naye. Nikalifungua dirisha, nikalifunga tena. Linafunga vizuri. Sebuleni marudio yalikuwa yamefika kwenye ngazi, na wanawake walikuwa wanacheka, wangu juu ya wote. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa. Ni mlango wangu na sebule ni yangu, lakini nilijikuta nimesimama mbele yake nimeinua mkono, nikagonga.

— Nani? akauliza mke wangu, bado anacheka.