Fungu la Nyama la Mzazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Niitikieni kwa nguvu, maana ilikuwapo siku sikuwa na pumzi ya kuitika.

Nilikuwa mzazi, mwanangu wa kwanza bado ananyonya. Tulikuwa tumeshuka kutoka Chome tukahamia kijiji cha ujamaa huku tambarare, karibu na Hedaru. Mwaka ule mvua ilitunyima, mahindi yakakauka shambani. Basi ng'ombe wa jirani alipoanguka ghafla akafa, damu ikimtoka puani, hakuna aliyeuliza kafa kwa nini. Walimchuna wakagawana. Na kwetu Wapare mzazi hasahauliwi. Mama mkwe wangu aliniletea fungu langu, nyama laini yenye mafuta, na nyingine akaianika juu ya meko ili nisipungukiwe. Nikaikatakata mwenyewe, nami nina mchubuko mkononi.

Kikatoka kipele kama nimeumwa na mdudu. Kikawasha, kikapasuka, katikati pakawa peusi kama mkaa. Wala hakikuuma! Ila mkono ulivimba mpaka kwapani. Wakasema nimelogwa, wengine wakataka kunichoma kwa chuma cha moto. Homa ikapanda, nikawa simtambui hata mtoto wangu.

Mama mkwe akawakatalia wote. Akamfunga mjukuu mgongoni, akasimama barabarani mpaka lori la mkonge likatuchukua kwenda hospitali ya Same.

Daktari aliutazama mkono, akauliza habari za nyama. Akasema ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa mtu kupitia jeraha, na kwamba hata nyama iliyokaushwa bado ina vijidudu vyake. Mama mkwe akalia, akijilaumu kuwa ni yeye aliyeniletea. Kisha akamshika daktari mkono.

"Baba, huyu nilimpokea kwa mama yake," akasema. "Sitamrudishia kaburi."

Ndugu zangu, nilichomwa sindano za penisilini, huku yule mama akiomba kwa Kipare kando ya kitanda, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Homa ikashuka. Mungu ni mwema!

Nilipopata nafuu mama mkwe alirudi kijijini. Bwana mifugo alikwisha kufika, akiwachanja ng'ombe na kuwahimiza watu wafukie nyama iliyobaki. Watu walisita, njaa ilikuwa kali. Mama mkwe ndiye aliyetangulia. Akaiangusha nyama yake shimoni kwa kijiti, na majirani wakamfuata, wengine wakilia.

Aliporudi hospitali alinikalisha, akanipa mtoto nimnyonyeshe.

"Nyama nimeizika, mwanangu," akaniambia. "Wewe sikuziki."

Ninampenda mama yule mpaka leo. Mwamini Mungu, ndugu yangu, naye atakupa watu wa kukushika. Na mnyama akijifia, mwache alale, kamwite bwana mifugo. Huko nako ni kumwamini Mungu.