Mheshimiwa Halisi Anastaafu, Bado Hukumu Moja

Kwanza samahani kwa kuchelewa. Wasifu huu niliagizwa kabla sijaenda likizo ya uzazi. Leo mtoto anaota meno ndiyo nakaa kuuandika, tena kwa mkono mmoja, maana wa pili una kazi. Mzee wa Masjala, anayesimamia jarida letu la wafanyakazi, ameshaacha kunikumbusha. Siku hizi akinipita kwenye korido anakohoa tu.

Basi tuanze inavyopasa. Jaji wetu wa kesi za miliki bunifu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Mheshimiwa Halisi (na anajua), anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Alianza akiwa hakimu wa kesi za kuku walioibwa na mipaka ya viwanja. Akapanda hadi kuwa jaji, na tangu hapo amekuwa akiamua swali moja lenye sura nyingi: nani alianza, na nani ameiga. Viatu, dawa za mbu, nyimbo za matangazo, vitabu vya hesabu, hata chupa ya sabuni iliyodai kuwa na kiuno chake peke yake.

Kilichonichelewesha si mtoto pekee. Jarida letu lina desturi yake. Mtu akistaafu, unachukua wasifu wa aliyemtangulia, unafuta jina, unaweka jingine. Ndiyo maana wastaafu wetu wote walikuwa wacheshi, wachapakazi na wapenzi wakubwa wa mpira wa miguu, akiwemo dada wa mapokezi ambaye hajawahi kuangalia hata mpira wa watoto. Mzee wa Masjala alinipa wasifu wa dereva, akaniambia, "Badilisha jina tu, mwanangu, ukanyonyeshe." Nikamwambia, "Mzee wangu, huyu ndiye mtu pekee hapa anayeweza kutushtaki kwa wasifu wake mwenyewe." Hapo ndipo kikohozi kilipoanza.

Maana Mheshimiwa haibi, hata kwake mwenyewe. Majaji wengine wana sentensi zao za kuanzia hukumu, wanazitoa kabatini kama koti la mvua. Yeye hataki. Mimi sikusomea sheria, nilisomea kupiga chapa, lakini nimejifunza kuiogopa kalamu yake inaposimama katikati ya ukurasa.

"Mama, hii nimeshawahi kuisema."

"Lini, Mheshimiwa?"

"Kesi ya mswaki."

Kesi ya mswaki iliamuliwa nikiwa bado shuleni. Nikimwambia kwamba maneno ni yake mwenyewe, hakuna aliyeibiwa, ananijibu, "Mwizi huanzia nyumbani," na aya nzima inakwenda na maji. Kwa sababu hiyo hukumu zake ni tamu sana, wanafunzi wa sheria wanazinakili bila kuomba ruhusa, na hazitoki kwa wakati.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, hashangai. Alinisimulia kwamba uchumba wao ulikwama muda mrefu kwa kuwa kila neno la kumposa lilikuwa limeshasemwa na mwanamume mwingine. "Mwisho nikamwambia, baba, sema tu kama wenzako. Akasema. Si unaona tuna wajukuu?"

Siwezi kuacha habari ya birika. Kampuni moja ililalamika kwamba birika lake la umeme limeigwa. Yakaletwa mahakamani mawili, la kweli na la bandia, yamefanana kama mapacha, kila moja na kibandiko chake. Mheshimiwa akaamuru la bandia liteketezwe. Siku ya kuteketeza, vibandiko vilikuwa vimebanduka, lakini mtaalamu wa kampuni hakubabaika. "Mimi birika letu nalijua hata gizani," akasema, akanyoosha kidole, nyundo ikashuka. Baadaye tukalipindua lililobaki. Chini halikuwa na namba ya kiwanda. Mheshimiwa aliwaandikia waje kuchukua mabaki ya birika lao halisi. Hawajaja hadi leo. La bandia lipo masjala, linatuchemshia chai kila asubuhi na halijawahi kuharibika. Mheshimiwa hunywa chai yake kwa adabu zote, ila hataki lisifiwe mbele yake.

Sasa niseme la mbeleko, maana kama ni utani tu ningekuwa nimeshamaliza.

Mama fundi mmoja wa cherehani alibuni mbeleko yenye kamba za begani na mto mdogo wa kuegemezea shingo ya mtoto. Akaisajili kama sheria inavyotaka. Kiwanda cha mabegi kikatoa ya kufanana nayo, kikaijaza madukani. Akashtaki. Ushahidi ulishafungwa miezi kadhaa iliyopita. Mama huyu huja masjala, anakaa kwenye benchi la dirishani, ananiangalia tu. Mimi namjibu, "Bado, mama." Ameacha kushona mbeleko. Aliniambia bila hasira, ndivyo ilivyoniuma zaidi, "Nikishona, wateja wananiambia naiga za kiwandani."

Kesi hiyo ikiwa bado inasikilizwa, niliwahi kuvuruga mahakama. Ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kazini, dada wa kulea hakutokea, nikaingia na mtoto mgongoni kupeleka faili. Mheshimiwa akavua miwani.

"Mama, simama hapohapo. Usigeuke."

Mawakili wote wawili wakainuka kuuangalia mgongo wangu. Mbeleko niliinunua sokoni kwa bei ya kutupa na sikuuliza imetoka wapi. Kumbe nilikuwa nimembeba mwanangu ndani ya kesi. Wakili wa kiwanda akawahi, "Mheshimiwa, tunapinga. Kielelezo hicho hakimo kwenye orodha."

"Hakimo," akasema Mheshimiwa, "na kinapiga miayo. Pingamizi limekubaliwa."

Kisha akageuka mtu wa kazi. Akawaeleza wazi kwamba alichokiona si ushahidi na hatakitumia, na anayetaka yeye ajitoe kwenye kesi aseme palepale. Mawakili wote wawili wakaketi. Wakati natoka, mama fundi aliniambia kwa sauti ya chini, "Huo mto umekaa chini mno, utamchosha shingo. Njoo nikurekebishie, bure." Nikakataa, maana yeye ana kesi na mimi ni mtumishi wa mahakama. Mchana huo Mheshimiwa alimpakata mwanangu ofisini kwake, amemviringisha shuka, akimsomea sheria ya hataza, ile ya kulinda uvumbuzi, mpaka akalala. Mtoto, si Mheshimiwa.

Hukumu ya mbeleko ipo. Nimeipiga chapa yote. Inasema nini sitasema, nimekula kiapo. Imekosa kitu kimoja: sentensi ya kwanza. Mheshimiwa ameandika nyingi na kuzifuta zote, kwa sababu zote ameshawahi kuzisema. Na sheria yetu iko hivi: hukumu iliyosainiwa, jaji mwingine anaweza kuisoma. Isiyosainiwa, ikipita Ijumaa, kesi inaanza upya, mashahidi wanaitwa tena, na mama fundi anarudi mwanzo wa foleni aliyokwisha kuimaliza.

Siombi ashinde. Akishindwa, ashindwe, lakini ajue.

Mheshimiwa, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba kazi ya mtu ni ya mtu hata akiwa hana wakili mkubwa. Umetuvumilia na birika letu. Uendako upate usingizi wa mchana, wajukuu wa kukuiga kila kitu bila kibali, na mkeo akuchoke taratibu. Kalamu ya kuagana tumeshanunua. Mwenye duka ameapa ni halisi.

Ili jarida lifungwe na mimi nikalale, bado nasubiri kuletewa hivi, kabla ya Ijumaa mchana:

Picha moja ya Mheshimiwa, isiwe ile ya kitambulisho ambayo kila mtu anayo.

Ufunguo wa kabati la vielelezo. Kuna viatu mle vya mguu wa kushoto vitupu, na sitaki kuvirithi.

Shuka la mwanangu, la njano. Liko kwenye kiti chako, Mheshimiwa, analililia.

Kwa mama mwalimu: faili la mbeleko, liko juu ya meza yenu ya chakula, tafadhali usilifute vumbi, lilete tu.

Hukumu ya mbeleko, ikiwa na sentensi ya kwanza yoyote ile. Sema tu kama wenzako.

Na chini kabisa, saini. Hiyo, Mheshimiwa, ndiyo peke yake inayotakiwa ifanane na zote ulizowahi kuandika.