Daktari Evlampia Nikanorovna Rudneva na Mlango wa Hospitali ya Ozerki

Ndugu waombolezaji, Jumapili ya tarehe 31 Januari mke wangu alikula supu ya kabichi akiwa amesimama, akaniambia, "Gleb, leo umesahau chumvi," nami nilikuwa nimeitia mara mbili, na jioni ile kichwa kikaanza kumuuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1856 mjini Vologda, mtoto wa tatu wa shemasi, akasoma shule ya wasichana ya mji huo, kisha mafunzo ya udaktari ya wanawake mjini Petersburg, akahitimu mwaka 1880, na Mei iliyofuata akaajiriwa na baraza la wilaya yetu.

Kwa miaka sita alizunguka vijiji vitano, wakati wa theluji kwa sleji ya kuvutwa na farasi na kiangazi kwa gari la farasi, kila kijiji na siku yake, mara moja kwa wiki mbili, akilala kwenye mabenchi ya watu na kupasua majipu juu ya meza za kulia chakula. Novemba 1886 alimkuta mkata kuni Trifon, ambaye yuko hapa nasi, amemngoja siku tisa na jeraha la shoka mguuni, naye Trifon akamwambia, "Samahani, mama daktari, shoka halikujua kuwa siku yetu ni Alhamisi." Alimkata mguu siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata akaenda barazani kudai hospitali ya kudumu.

Mwenyekiti alisema, "Daktari akikaa kitako, bibie, atalala," naye akajibu, "Nikiwa njiani, mheshimiwa, ninayemwona kutwa ni farasi." Walicheka, wakampa vitanda kumi kwa sharti moja, kwamba siku ambayo kitabu cha wagonjwa kitakuwa kitupu, daktari wa Ozerki atarudi kuzunguka. Tangu tarehe 1 Septemba 1887 hakuna siku iliyokuwa tupu, na ninasema hivyo kama mtakwimu aliyekikagua kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa.

Tulifunga ndoa tarehe 9 Oktoba 1883, tukajaliwa binti mmoja, Zinaida, mwenye miaka minane, aliyesimama kando yangu.

Homa ya matumbo haikumuua, kipindupindu cha kiangazi kilichopita hakikumgusa, ila homa ya chawa aliyoitibu kwa wagonjwa mia moja na kumi na wawili ilimpata yeye, akafariki Ijumaa tarehe 12 Februari, saa kumi jioni.

Namshukuru Daktari Veniamin Lvovich aliyetoka wilaya jirani kwenye dhoruba ya theluji, tabibu msaidizi Savely, muuguzi Matryona, na majirani waliotuchanjia kuni bila kuombwa. Pumzika sasa, Evlampia Nikanorovna, kazi uliifanya.

Jana saa mbili asubuhi nilifungua mlango wa hospitali, nikawaambia watu waliokuwa kwenye foleni kwamba daktari amefariki, wakavua kofia, na hakuna aliyeondoka. Savely alifunga vidonda, mimi nikaandika majina, thelathini na nne. Wa mwisho alikuwa Bibi Fedosya, ambaye haumwi kitu, akasema, "Niandike na mimi, baba, wasije wakasema hatukuja." Nilimwandika, na kwenye safu ya ugonjwa nikaandika: mzima.