Pole ya Mashine

Sikio halina pazia. Fundi cherehani aliyekuwa akienda kazini kwa treni ya asubuhi hakuwa amezungumza na mtu tangu Ijumaa, basi akawasikiliza abiria wawili waliokaa mbele yake. Mmoja alikuwa muuguzi mstaafu, mwingine fundi simu. Hawakujuana, ila kila mmoja alikuwa ameshika riwaya ya sayansi ya kubuni, na hilo lilitosha kuwagombanisha.

"Za zamani zilikuwa na hamu," alisema muuguzi. "Mtu anapanda roketi akaone kuna nini huko kwenye nyota. Hizi zenu mpya, mtu anajifungia chumbani na mashine inayompa pole."

"Mama, si ndivyo tunavyoishi? Mimi nakaa peke yangu. Mashine ikinipa pole, naipokea kwa mikono miwili."

"Pole isiyotoka moyoni haimpozi mtu, mwanangu."

"Na hao wa roketi walimpoza nani? Waliwaacha wake zao madirishani, wakaenda kuokota mawe."

Fundi cherehani alicheka, wakamgeukia. "Marehemu mume wangu alikuwa nazo kabati zima," alisema, kama anayeomba radhi. "Za zamani na mpya."

"Afadhali, dada, utuamulie," alisema fundi simu. "Zipi tamu?"

"Sijui. Kila akimaliza moja alitaka kunisimulia, nami namwambia nimechoka, labda kesho."

Muuguzi akamshika mkono. Treni ikasimama, watu wakaanza kusukumana mlangoni, na wao watatu walikuwa bado wamekaa.